Kanga, sungura mwitu, nungunungu: watu wa Kanda ya Ziwa mnawapikaje nyumbani?

Mwana Kisesa (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wadau. Jukwaa hili la mapishi limejaa pilau na keki, mtu wa mbali anaweza kudhani sisi wa Mwanza tunakula sato na dagaa mwaka mzima. Naomba tufungue uzi wa kitoweo kidogo cha porini: kanga, kwale, sungura mwitu, nungunungu, ndezi (yule panya mkubwa wa porini). Swala na nyumbu sitaki, hao wana nyuzi zao.

Kabla hamjanishukia: kanga ninaowapika mimi ni wa uani kwangu, simtumi mtu akatege. Lakini kanga hata umfuge vipi hajawahi kukubali kuwa kuku. Anaruka ukuta, analala juu ya mwembe, anatembea kutwa. Ukimpika kwa staili ya kuku wa kisasa utaumwa taya halafu utasema nyama ya porini haifai.

Shida iko hapa. Kuku wa kisasa amekaa bandani wiki tano au sita anakula tu, ana mafuta chini ya ngozi. Kanga hana mafuta, na mapaja yake yamefanya kazi. Misuli iliyofanya kazi imejaa kano na utando, na hivyo vitu moto mkali hauvilainishi, unavikaza. Vinataka moto mdogo, maji na muda, mpaka vigeuke ule utelezi unaoganda supu ikipoa. Kidari chake sasa ni kinyume kabisa: hakina kano za maana, ukikichemsha muda uleule wa mapaja kinakauka hata kukimeza ni kazi. Kwa hiyo sufuria moja, lakini havitoki pamoja. Watu wengi wanapotelea hapo.

Ninavyofanya:

Kumnyonyoa, maji yawe ya moto lakini yasichemke. Ngozi ya kanga ni nyembamba, maji yakichemka inachanika na manyoya yanabaki. Ukiona inakushinda chuna ngozi yote, haina mafuta ya kulilia.

Kisha mjue umri wake. Bonyeza ncha ya mfupa wa kidari kule nyuma. Ukipinda kwa kidole, ni kijana, dakika arobaini na tano zinamtosha. Ukiwa mgumu, na kile kipembe cha kichwani kimekuwa kikubwa, huyo ni mzee, jiandae saa mbili na usimfungulie mfuniko kila dakika.

Usimpike akiwa amekakamaa. Ama mpike mara tu baada ya kuchinja, ama mlaze kwenye friji mpaka kesho. Ulaya huko wananing'iniza ndege wa porini siku kadhaa nyama ilegee. Wao wana baridi. Kwa joto la Mwanza ukining'iniza hivyo unafuga funza.

Chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu. Basi. Mchuzi mix weka kwenye nyama isiyo na ladha yake. Bandika mapaja, mgongo na shingo na maji ya kufunika tu, moto wa mkaa uliofunikwa majivu. Kidari kitie mwishoni, dakika ishirini hivi, kitoe. Halafu kaanga vitunguu na nyanya kwa mafuta ya alizeti, rudisha nyama, na karanga zilizosagwa ulizozikoroga pembeni kwa supu yake mwenyewe ili zisifanye mabonge. Acha jikoni mpaka uone mafuta ya karanga yameelea juu. Kabla hayajaelea bado ni uji.

Karibuni na yenu.

Nyegezi Kona

Nimeweka kambi hapa. Uzi ukinoga mtu anitagi.

Bwana Pori Mstaafu

Mwanzisha uzi umeanza vizuri, ngoja niongeze upande wangu kabla vijana hawajapotea. Nilisoma Pasiansi hapo Ilemela, chuo kilichoanza 1966 kufundisha askari wa wanyamapori, na nimefanya kazi ya pori mpaka kustaafu.

Watu wengi wanadhani sheria inahusu tembo na faru. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Wote ni pamoja na sungura wako wa shambani na kwale. Na nyama ni nyara ya serikali, sawasawa na jino au ngozi. Ukikutwa na paja kavu la mnyama kwenye mfuko wa salfeti, wewe ndiye unayetakiwa kueleza limetoka wapi. Kesi za nyara zinaweza kuingia kwenye uhujumu uchumi. Nimeona watu wazima wakilia mahakamani kwa ajili ya kimoro (nyama kavu ya porini) cha kushiba familia siku moja.

Anayetaka kuwinda kihalali, kuna leseni, ina msimu wake, eneo lake, na mnyama ameandikwa. Na hata ukiwa na leseni mkononi, mitego ya nyaya, sumu na kumulika kwa kurunzi usiku vimekatazwa.

Asiyetaka usumbufu huo, tangu Kanuni za 2020 maduka ya nyamapori yanaruhusiwa kwa leseni. Ukinunua, dai risiti na uitunze mpaka nyama iishe. Risiti ndiyo kinga yako barabarani.

Na wewe Mwana Kisesa, kwa hao kanga wako mwone afisa wanyamapori wa wilaya akwambie kuhusu kibali. Usimjibu kuwa ni kuku.

Mwana Kisesa

Shikamoo mzee. Nimekupata, makaratasi yangu yapo.

Mtoto wa Capri Point

Na pimbi je? Huku kwetu wamejaa kwenye mawe, asubuhi wanaota jua hata mtu ukipita hawajali. Wanene kweli.

Nyegezi Kona

😂😂 Pimbi jamani. Njaa ya mjini.

Bwana Pori Mstaafu

Kijana waache pimbi waote jua. Kisiwa cha Saanane pale mkabala na kwenu, palipokuwa bustani ya wanyama tangu 1964, ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na pimbi ni miongoni mwa wanaovutia wageni. Nao hawajali mipaka ya hifadhi.

Kwa faida ya uzi: pimbi ana tezi mgongoni, katikati ya nywele za rangi tofauti, inayotoa harufu yake. Wazee waliokuwa wanakula walikuwa wanaikata kwanza bila kisu kugusa nyama. Na wataalamu wanasema ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva, si panya. Ukimwangalia meno yake ya mbele utaamini.

Mama Koku wa Sengerema

Habari zenu. Mimi naleta sungura. Siku hizi napika wa kufuga, na zamani nyumbani kwa baba tulikuwa tunaletewa wa porini, kwa hiyo wote nawajua.

Msiwachanganye. Wa kufuga nyama yake nyeupe, laini, saa moja imetosha. Wa porini nyama ni nyekundu nzito karibu na nyeusi, ina harufu ya majani, na ukiipika kavu inabana. Dawa yake ni maziwa mgando. Unakata vipande, unaosha damu vizuri, unalaza kwenye mgando usiku mzima na chumvi kidogo. Asubuhi unasuuza. Mgando ule unamwaga, usiwape hata mbwa wakauzoea.

Kuchuna: kata kuzunguka vifundo vya miguu ya nyuma, pasua kati ya mapaja, halafu vuta ngozi kwenda kichwani kama unavyovua soksi. Ikiwa ngumu sehemu, usikate kwa hasira, ingiza kidole gumba kati ya ngozi na nyama. Manywele yakigusa nyama ni shida kuyatoa, kwa hiyo lowesha mikono kwanza, na mkono unaoshika manyoya usishike nyama.

Ndani angalia nyongo. Ni kifuko kidogo cha kijani kwenye ini. Kikipasuka juu ya nyama, kata kipande kile utupe, hakuna ndimu inayoondoa uchungu ule. Na juu ya mgongo kuna utando unaong'aa rangi ya fedha. Watu wengi wanauacha. Ingiza ncha ya kisu chini yake, uutoe wote, maana ndio unaokunja nyama ikiwa jikoni.

Mimi simweki karanga, karanga zinamfunika. Naweka nyanya chungu, zinakwenda naye sana. Ugali uwe wa muhogo.

Mwana Kisesa

Mama Koku wabeja. Hapo kwenye karanga nakupinga kwa heshima zote, lakini ule utando umenikumbusha jambo: kwenye mapaja ya kanga pia kuna kano nyeupe ngumu zinazoshuka mguuni. Ukizikamata kwa koleo na kuzivuta kabla ya kupika, unaokoa meno ya wageni.

Ustadhi wa Kirumba

Assalaam aleikum. Niwakumbushe wenzangu Waislamu humu. Sungura kwetu Masuni hana tatizo, kanga na kwale vilevile. Tatizo ni anavyokufa. Aliyekutwa amekufa mtegoni ni mzoga hata kama mwili bado wa moto. Aliyepigwa manati au rungu akafa kabla kisu hakijamfikia, amekufa kwa kipigo, haliwi. Ukimwahi akiwa hai ukamchinja kwa bismillah, hapo sawa. Mbwa aliyefundishwa, ukamtuma kwa bismillah, ana hukumu yake na inaruhusu. Lakini mzee hapo juu keshasema habari za leseni, kwa hiyo msinitumie mimi kuhalalisha ujangili.

Mama Koku umenitamanisha na nyanya chungu.

Babu wa Magu

Vijana mmeongea sana mmeruka nungunungu, na yuko kwenye kichwa cha uzi.

Usukumani kuwinda nungunungu hakukuwa kazi ya kila mtu. Kulikuwa na chama chake, Banunguli, wenye dawa zao, nyimbo zao na ngoma yao. Nungunungu anamaliza shamba la viazi na muhogo kwa usiku mmoja, anachimbua, anaonja huku na kule, anaacha. Kwa hiyo Banunguli walikuwa wanaheshimiwa kijijini kama watu wa msaada. Anayetaka kujua zaidi aende Bujora, hapo hapo Kisesa kwa mwanzisha uzi, Makumbusho ya Wasukuma yanaeleza vyama vya ngoma vyote, Banunguli pamoja na Bayeye wanaocheza na nyoka na Bagobogobo wanaocheza na majembe. Wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya mwezi wa sita, ndiyo patamu.

Kazi yao ilikuwa ya kuingia shimoni. Mtu analala kifudifudi, anatambaa kwenye shimo ambalo mabega yanagusa pande zote, mkuki mfupi mbele. Nungunungu akikaribiwa hageuki kukimbia mbele, anarudi nyuma kwa kasi na miiba imesimama. Hiyo hadithi kwamba anarusha miiba kama mishale ni uongo. Miiba inachomoka kirahisi inapokuchoma, basi. Lakini fikiria uko shimoni, huwezi kugeuka, na hiyo miiba inakuja usoni.

Nyama yake sasa. Hachunwi. Anachomolewa miiba mikubwa, halafu anamwagiwa maji ya moto na kukwanguliwa mpaka ngozi ibaki nyeupe, kwa sababu utamu wote uko kwenye ngozi na mafuta yaliyo chini yake. Ni nyama pekee kati ya mlizotaja yenye mafuta yake. Ilikuwa inakatwa vipande vikubwa, inachemshwa kwa chumvi tu kwenye chungu, mafuta yakipanda yanaenguliwa na kuwekwa kwa ajili ya kuungia nsansa (mboga za majani zilizokaushwa). Ugali wa mtama. Hamkuwa na haja ya nyanya wala karanga.

Sasa hivi ngoma imebaki, uwindaji bila leseni umekatazwa. Shamba langu likiingiliwa naripoti kijijini na kuzungushia uzio wa miiba ya kwetu sisi binadamu.

Nyegezi Kona

Babu shikamoo. Kumbe nungunungu harushi? Miaka yote nadanganywa.

Mdau wa Kisumu

Hamjambo watu wa upande wa pili wa ziwa. Huku kwetu Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hivyo haya ya leseni za kuwinda mnayoongea sisi hatuna. Lakini kwale ni mambo yetu. Wazee wa Siaya walikuwa wanamweka kwale wa kuitia kwenye kikapu kidogo kilichosukwa, kikapu kinapandishwa juu ya mti mrefu, na vingine chini yake. Alfajiri akianza kuimba, wenzake wanashuka kwenye nyasi kumtafuta, na pale kwenye nyasi kuna vijia vilivyotegwa vitanzi. Asubuhi unaokota.

Halafu mwaka wa 2013 mpaka 2014 ndio tulichanganyikiwa na ufugaji. Kila mtu alikimbilia leseni ya kufuga kwale ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), mayai yakauzwa kama dawa ya kila ugonjwa, ndege mmoja bei ya mbuzi mdogo kwa hadithi za watu. Ilipoanguka, kuna waliofungulia vibanda wakawaacha waende.

Kupika: kwale ni mdogo, usimchemshe. Mpasue mgongoni, mbonyeze alale bapa, chumvi na limau, kwa makaa. Dakika sita upande wa ngozi, nne upande wa ndani. Unamla na mifupa yake midogo.

Mwana Kisesa

Mkuu wa Kisumu hii ya kumpasua mgongo nimeipenda, na kanga kijana nadhani inamfaa pia, ila kwa makaa yaliyopoa zaidi.

Daktari wa Mifugo Lamadi

Naona wote mmezungumzia sufuria, acheni niseme ya kabla ya sufuria. Kazi yangu iko jirani na hifadhi, nyama za namna hii naziona sana.

Kwanza, mnyama uliyemkuta amekufa si kitoweo, hata awe mnono vipi. Kimeta kinaua wanyamapori na ng'ombe, na vijidudu vyake vinajifunika ganda linalostahimili joto na kukaa ardhini miaka mingi. Hatari inaanza unapomchuna, kabla hata hujawasha moto. Ukiona damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, usifungue mzoga, piga simu kwa ofisi ya mifugo.

Pili, ndege. Huku kwetu ni nchi ya pamba, na pamba inapuliziwa dawa. Kanga wanaokota wadudu na mbegu kwenye mashamba hayo. Kuna pia watu wabaya wanaolowesha mtama kwenye sumu wanaumwaga njiani, ndege wakianguka wanawanyonyoa na kuuza barabarani. Huwezi kuijua kwa kumwangalia aliyenyonyolewa. Mwenye firigisi ndani unaweza kupata dalili: ipasue uangalie alichokula. Ukikuta punje zenye rangi ya waridi, zambarau au bluu, hizo ni mbegu zilizotiwa dawa, tupa ndege mzima ukamfukie, paka asimpate. Lakini punje za kawaida pia hazikuhakikishii usalama. Ndege asiye na historia usinunue.

Tatu, panya na ndezi. Mkojo wa panya unabeba homa ya mgunda. Ukiwa na kidonda mkononi usimchune bila glavu. Ndezi nyama yake safi, Ghana na Benin wanamfuga kama sisi tunavyofuga sungura, na huyo wa bandani ndiye ningemla.

Nne, popo. Najua watu wazima huku hawali, lakini watoto wanawapiga manati wanawachezea. Kagera imepata Marburg Machi 2023, na tena Januari 2025 kule Biharamulo, na virusi vile vinaishi kwa popo wa matunda wa mapangoni. Waambieni watoto.

Mwisho kwa wenye leseni wanaotumia bunduki ya marisau: pitisha kidole juu ya nyama mbichi, ukikuta katundu keusi kenye kijibonge, chimba kwa ncha ya kisu. Risasi inaingia ikiwa imevuta manyoya nayo, na palipo na manyoya ndani ya nyama ndipo panapooza kwanza. Kata eneo lote lililovia damu. Risasi zenyewe ni madini ya risasi, mtoto asizimeze.

Mama Koku wa Sengerema

Daktari asante sana. Hiyo ya firigisi ni ya kubandika ukutani. Sasa daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa tunafika mjini mara moja, na mle njiani utaona kijana ameninginiza kanga wamenyonyolewa tayari, bei poa. Nilikuwa najiuliza kwa nini wananyonyolewa mapema hivyo.

Bwana Pori Mstaafu

Ili usione walivyokufa, mama.

Mtoto wa Capri Point

Sawa pimbi nimewaacha 😅 Nataka nianze na kanga wa kufuga. Vifaranga vinapatikana wapi, na kweli ni wagumu kukuza?

Mwana Kisesa

Usianze na vifaranga, anza na mayai. Mama kanga hajui kulea. Anatoka na watoto alfajiri kwenye umande, wanalowa, wanakufa kwa baridi huku yeye anaendelea na safari. Mwekee kuku wa kienyeji aliyeanza kuatamia, mayai ya kanga ni madogo hivyo anafunika mengi. Mayai ya kuku mwenyewe huanguliwa siku ishirini na moja, haya ya kanga yanakwenda mpaka ishirini na sita au nane, kwa hiyo asinyanyuliwe mapema mkidhani yameharibika. Wakitoka, wafungie pakavu wiki za mwanzo, na maji yawe kwenye kisahani chenye kokoto ndani, la sivyo watazama.

Halafu waambie majirani mapema. Kanga wakiona mtu mgeni usiku wanapiga kelele mtaa mzima unaamka, na Capri Point mna watu wanapenda usingizi. Fundi wako akishamaliza kibanda njoo PM, kuna kuku wangu mmoja anaelekea kuatamia.